Kandambili Rehani Kibenga

Wapendwa wangu wa Tandika,

Salamu za kawaida zisubiri. Nawaandikia mguu mmoja umevaa kandambili, mwingine uko peku, kwa sababu kandambili ya kushoto iko rehani kwenye kibanda cha nyama hapa Kibenga, Bujumbura.

Sikilizeni utaratibu wenyewe. Mishikaki ya mbuzi, ambayo huku ni burusheti, kibanda hiki huichoma kwenye vyuma virefu kama sindano za kushonea magunia. Hakuna vile vijiti tunavyovidondosha chini huko kwetu tukijifanya hatujaona. Ukila palepale, mama mwenye kibanda anavihesabu vyuma kabla hujainuka. Ukitaka kufungasha, achomoe nyama aimwage juu ya wali. Lakini hapo inalowa mvuke, na kile kitunguu kilichobabuka katikati ya minofu hukioni tena. Au uondoke na vyuma, uache dhamana. Dhamana haina bei, anakuangalia kwanza. Jirani yangu, mzee wa heshima zake, huacha miwani, ndiyo maana hula bila kujua ni maini au ni kitunguu. Mimi nilitaka kuweka rehani taifa zima. Nikamwambia ni Mtanzania, mtoto wa Mwalimu Nyerere aliyesuluhisha mazungumzo ya amani ya Warundi kule Arusha. Akageuza nyama, akapepea moto kwa kipande cha boksi, akasema, "Mwalimu tunamuheshimu, shefu. Mwalimu angerudisha vyuma." Kisha macho yake yakashuka taratibu mpaka miguuni pangu.

Na msidhani unapewa upesi. Ukiuliza, unajibiwa "iko inakuja," hali mbuzi mwenyewe hajageuzwa hata upande mmoja.

Mnauliza kwa nini nisiletewe kazini kwa bodaboda. Mwezi Machi 2022 serikali ilizipiga marufuku pikipiki, bajaji na hata baiskeli katikati ya jiji. Na petroli ikiadimika, magari hulala foleni kituoni. Kwa hiyo nyama inasafirishwa na miguu, yaani hii yangu, ambayo huko nyumbani ilikuwa inapanda daladala kwenda kituo cha pili.

Jumamosi asubuhi ndiyo usithubutu kabisa. Biashara zinafungwa hadi saa nne na nusu, watu wako kwenye kazi za maendeleo ya jamii. Nilimkuta mama wa kibanda ndani ya mtaro, jembe mkononi. Nikauliza nyama, nikapewa ufagio. Shangazi, nilifagia! Mimi, ambaye ufagio wako nilikuwa naujua kwa kupigwa nao tu. Alikuja kukagua, akanionyesha kwa kidole nilipopaacha.

Mchele wao wa bonde la Imbo sina neno nao, unachambuka punje kwa punje. Ila unaungwa kwa mafuta na chumvi, basi. Minazi ya kwetu huku hamna, ukanda huu wa ziwa hadi Rumonge ni michikichi. Juzi jioni jua linazamia milima ya Kongo, Ziwa Tanganyika linang'aa pale chini, mbuzi wa moto mkononi, mtu angenipiga picha mngenionea wivu. Mimi nikajikuta namsimulia yule mama jinsi Shangazi anavyotenga tui la kwanza na la pili, na yule anayepewa ukoko. Nilisimulia hadi makaa yakafifia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyo shangazi, kwa wanaofungasha anachukua dhamana gani?"

Basi akitokea mtu wa basi la kupitia Kabanga, mpeni nazi, na ile mbuzi ya kukunia yenye mguu uliolegea, mpya siitaki. Nazi zitikiswe kwanza sikioni. Na Baba Mdogo asichague yeye, zile za Idi bado tunazikumbuka.

Mwanenu wa Bujumbura