Mheshimiwa Tope

Ndugu wafugaji wa Nachingwea na Ruangwa, itifaki imezingatiwa. Wafadhili tumeshawasifu, wataalamu tumeshawapigia makofi. Leo naomba nimsifu mdau ambaye hajawahi kualikwa kwenye uzinduzi wa banda lolote la mifugo, na hajawahi kukosa: Mheshimiwa Tope.

Kalenda ya kwetu anaijua kuliko sisi. Minada ya korosho inaanza Oktoba, hela inaingia, na mwenye ndoto ya ng'ombe wa maziwa anaita fundi. Ardhi wakati huo imekauka, uwanja wote unaonekana sawa, na njia ya maji ya mvua zilizopita imeshafutika. Banda linasimama popote palipo karibu na nyumba. Mheshimiwa hasemi kitu. Anasubiri mvua zikolee, kisha anahamia bila mkataba wala kodi, na kabla ya Aprili humtoi.

Lakini namheshimu zaidi kwa ukaguzi wake. Wakaguzi wengine huja na gari wakaondoka na posho. Huyu hukagua bure, usiku na mchana. Lipo banda ambalo fundi wake, mjenzi wa nyumba maisha yake yote, alilaza zege kwa pima maji mpaka povu likatulia katikati ya kioo. Sakafu ikanyooka, mwenyewe akapiga picha akawatumia ndugu zake Dar. Tatizo ni kwamba sakafu ya ng'ombe haitakiwi kunyooka. Inatakiwa ishuke sentimita mbili au tatu kwa kila mita kuelekea mtaroni. Mkojo, kinyesi na maji ya kunywa yaliyomwagika vikakutana juu ya zege lile zuri, vikakosa pa kwenda, na Mheshimiwa akazaliwa humo humo bandani, hata tone la mvua halijaanguka.

Mvua ilipokuja, bati nazo zikatoa mchango. Paa la mita nane kwa tano, ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 2,000. Pasipo gata wala tangi, zote hutua mlangoni, pale pale ng'ombe wanapopita na kukanyaga mara nyingi. Utaalamu huo hata chuo cha kilimo hakina cha kuuongezea.

Na fadhila zake! Ng'ombe akilala humo, kiwele kinavimba, maziwa yanapungua, na mkamuaji anamaliza kazi mapema. Kwato zikiloa hadi zikaoza, mnyama hatembei mbali, na ule ugomvi wa mifugo kuingia kwenye ufuta wa watu unakwisha bila kikao cha kijiji. Mkojo wenye nitrojeni yote ile unateremka kwa jirani, ambaye migomba yake imenenepa bila yeye kufuga hata kuku. Ni mbuzi tu asiye na shukrani: anapanda ndani ya hori kuikausha miguu, anayakanyaga majani, halafu anagoma kuyala.

Msidhani kumpuuza Mheshimiwa ni ushamba wetu. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe kuchunguza kama karanga zingestawi Tanganyika. Ulizunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, na ukiwa angani tope hulioni. Mwaka uliofuata mpango ukaanza Kongwa, kisha Urambo na hapa Nachingwea, ukilenga ekari zaidi ya milioni tatu. Yakaja matrekta, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kuja huku. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeyeyuka, na reli yenyewe baadaye ikang'olewa. Ikiwa dola nzima haikuona haja ya kukaa msimu mmoja iangalie udongo na mvua, mfugaji wa ng'ombe wawili tutamcheka kwa lipi?

Maadui anao, simfichi mtu. Mabwana mifugo wanamsema vibaya. Wanataka uchimbwe mtaro upande wa juu wa banda, maji ya mlimani yapite pembeni. Mbuzi wainuliwe kwenye sakafu ya fito zenye mianya, kinyesi kidondoke chini. Na mkojo ukusanywe shimoni uende kwenye migomba yako mwenyewe. Yaani kiongozi aliyetutumikia msimu mzima aondolewe kwa jembe na koleo, kazi ya siku chache! Mnisamehe, huo ni ukatili.

Basi anayependa kubaki naye, ajenge kama tulivyozoea. Aliyemchoka, korosho zikilipwa na fundi akisema amemaliza, asimpe hela ya mwisho kwanza. Amwage ndoo mbili za maji katikati ya sakafu, fundi akiwa amesimama hapo hapo. Maji yasipofika mtaroni yenyewe, zege lirudiwe.