Muulize Shangazi Rilei

*Shikamoo Shangazi. Niliunga bodi ya ESP8266 kwenye mota ya geti letu la kuteleza ili nilifungue kwa simu. Mambo shwari, ila umeme ukikatika usiku, ukirudi tu geti linafunguka lenyewe. Mke wangu anasema kuna mtu ninamfungulia. Nimeapa mpaka midomo imekauka.*
Mshukiwa, Kimara

Marahaba mwanangu. Nimeitazama picha uliyotuma: waya wa rilei umeuchomeka D0. Basi mchepuko ni huyo. D0 ndiyo GPIO16, na ESP8266 ikiamka, pini hiyo hupanda volti yenyewe kabla programu yako haijasema lolote. Rilei yako ni ya kuwaka pini ikipanda, kwa hiyo inabofya. Mota nayo ina betri yake, haikulala umeme ulipokatika, ikiguswa inatii.

Hamishia waya D1 au D2, ambazo hutulia bodi inapoamka. D3, D4 na D8 usizizoee: bodi huzisoma ili ijue iwake kwa namna gani, ukiziunga ovyo itagoma kuwaka kabisa. Na kwenye programu, ipe pini hali ya kuzima kwanza, ndipo uitangaze kuwa ya kutolea umeme. Vijana wengi hugeuza mpangilio huo, halafu wanaisingizia rilei ya Kichina.

Ukimaliza, zima swichi kuu mbele ya mama, uiwashe tena. Rudia. Geti likitulia na bado haamini, hilo si suala la waya.

*Shangazi, simu inasema geti limefungwa. Jirani ananipigia kwamba ng'ombe wa watu wanakula maua yangu. Nimwamini nani?*
Mama Maua, Kitengela

Jirani. Simu yako haijawahi kuliona geti. Inahesabu mibonyezo tu. Mota nyingi zina kitufe kimoja: ukibonyeza linafunguka, ukibonyeza tena linasimama, ukibonyeza tena linafunga. Soja akitumia rimoti yake mara moja tu, hesabu ya simu imeshavurugika, na hapo ukibonyeza "funga" unawakaribisha ng'ombe.

Nunua swichi ya sumaku, kama zile za alamu za madirisha. Sumaku ikae kwenye geti, swichi kwenye nguzo, zikutane geti linapofunga kabisa. Waya mmoja uende kwenye pini, wa pili GND, na kwenye programu chagua INPUT_PULLUP. Kisha iambie bodi: zikiwa zimekutana, amri ya "funga" isitumwe. Weka na ya pili mwisho wa kufunguka, maana geti lililokwama katikati nalo lina haki ya kujulikana. Fundi akija, rilei iunganishwe na vituo viwili vya kitufe cha ukutani, ibonyeze nusu sekunde. Waya wa 240V asiuguse.

*Shangazi, jua likipiga, mlango wa gereji unakataa kufunga. Mume wangu ameyang'oa yale macho ya pembeni akayabandika darini yatazamane. Sasa anataka kuufunga kwa simu akiwa kazini. Tuna mtoto anayetambaa.*
Mama Junior, Minneapolis

Yarudi chini leo, kabla hajala. Huko Marekani mashine za milango ya gereji zilizotengenezwa tangu 1993 lazima ziwe na kinga ya kuzuia mlango usimbane mtu, na macho hayo hufungwa yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni kwa sababu ya watambaao kama Junior. Dawa ya jua ni kubadilisha pande: jicho linalopokea likae upande wa kivuli. Likizidi kusumbua, livishe kijibomba cha karatasi ngumu. Na kufunga mlango usiouona kuna masharti yake: taa imweke na kengele ilie sekunde tano, ndipo mlango usogee. Aiandike hiyo kwenye programu kabla ya mstari wa rilei.

*Shangazi, nimefungua poti ya ruta ili shemeji aliyeko Dubai naye aweze kufungua geti. Sijaweka nywila. Kuna ubaya?*
Mkarimu, Mbezi

Upo. Kuna programu zinazopita anwani za intaneti usiku na mchana zikitafuta poti zilizo wazi, na wewe umeziandalia ukurasa wenye kitufe cha FUNGUA. Ifunge. Ukitaka kuingia kutoka mbali, weka WireGuard. Shemeji akifika getini, apige honi.