Loshoro ya Maharage

Kwenye daftari la kikoba cha mke wangu, ukurasa wa jana, chini ya faini ya kuchelewa na faini ya simu kuita, kuna mstari ambao katibu alikaa na kalamu hewani akiutafutia maneno: "Kuleta chakula kilichochacha, sh 2,000." Jina lililo mbele yake ni la mke wangu. Kosa ni langu.

Yeye alikuwa kazini usiku, na wiki hii ndiyo ilikuwa zamu yake ya kulisha kikundi. Nikamwambia asihangaike, nitakwenda mimi, makande yapo. Kweli yalikuwepo. Yalikuwepo tangu Jumapili.

Mkutano ulikwenda vizuri. Sanduku la makufuli matatu likafunguliwa na wenye funguo watatu, hisa zikanunuliwa, mikopo ikasomwa, sanduku likafungwa. Ikabaki hotipoti yangu katikati ya mkeka. Mfuniko ukagoma. Nikaibana hotipoti kwa magoti, nikazungusha kwa mikono miwili, na mfuniko ukatoka kwa mlio wa soda iliyotikiswa. Watu wakanyamaza. Juu ya makande palikuwa na povu, na lile povu lilikuwa linapumua: kiputo kinavimba, kinapasuka, kingine kinapanda kuchukua nafasi. Kwa kuwa nilishaanza, niliona aibu kuacha. Nikachota upawa mmoja, nikauinua, na makande yakaufuata kwa nyuzi ndefu kama mlenda. Mimi nina mafua ya Julai, pua imeziba tangu Jumatatu, sikusikia harufu yoyote. Wanachama kumi na tisa waliisikia kwa niaba yangu.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akachovya ncha ya kidole, akalamba, akafikiri kidogo.

"Baba," akaniambia, kwa upole ulionifanya nione afadhali angenitukana, "hii ni loshoro?"

Kwa msomaji wa Tanga au Lindi: loshoro ni mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa, yakachanganywa na maziwa mgando. Ndicho chakula cha Wameru na Waarusha na Wamaasai, na uchachu wake ni wa makusudi.

"Ya maharage, bibi," akajibu mwingine kutoka nyuma, na hapo kikundi kizima kikalala chini kwa kucheka. Mweka hazina alifuta machozi kwa kanga. "Shemeji," akasema, "karibu sana Alhamisi ijayo. Lakini uje mikono mitupu."

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, nasema hivyo mpaka sasa. Mtu unatoka mjini saa kumi na mbili, daladala inajaza Sanawari, inajaza tena Ngulelo, unashuka Tengeru giza limeingia, watoto wana njaa, na maharage yanataka saa tatu. Nikasema basi, tupike mara moja kwa wiki, siku zilizobaki iwe ni kupasha tu. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, sawa na Jumatano, nikaenda nikanunua sado moja ya maharage na sado moja ya mahindi yaliyokobolewa. Sado ni lile kopo la rangi la lita 4 lililostaafu ukutani likaajiriwa sokoni. Sado mbili zinaonekana kidogo sana zikiwa ndani ya mfuko. Hakuna aliyenikumbusha kwamba maharage yakilala kwenye maji yanaamka na uzito unaokaribia mara mbili. Kufika Jumapili asubuhi ilibidi niazime sufuria la jumuiya, lile ambalo hutoka kwa misiba na harusi tu. Majirani wawili walikuja kuuliza nani amefariki.

Sasa kuna jambo kuhusu maharage ya huku ambalo limenikosesha usingizi, na kwa kuwa limetuletea faini nina haki ya kulieleza. Tengeru iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa hayasubiri nyuzi 100. Yanachemka kwenye 96 hivi. Unaweza kuongeza mkaa mpaka sufuria licheze, joto la maji halipandi hata nyuzi moja, yanazidi kuwa mvuke tu. Ndiyo maana maharage yale yale yanayoiva upesi Dar es Salaam huku yanakutazama. Dawa yake ni kuufungia mvuke ndani ili maji yapate joto zaidi ya hapo, jambo ambalo Mfaransa Denis Papin alilionyesha London mwaka 1679 kwa chungu chake cha mfuniko wa kukaza. Mke wangu aliomba sufuria la namna hiyo Desemba iliyopita. Nilimwambia ni anasa.

Kwa hiyo tunatumia magadi. Ganda la punje ya harage limeshikwa na kitu kama gundi, na magadi huilegeza ile gundi, punje inalainika kwa nusu ya muda. Gharama yake ni kwamba yanaua vitamini B1, na magadi mengi ya kwetu yana floridi, juu ya ile ambayo tayari tunainywa kwenye maji ya Mlima Meru, iliyotupaka meno rangi ya chai tangu utotoni. Lakini gharama ya tatu hakuna aliyewahi kuniambia. Chakula kinapoanza kuchacha, bakteria hutengeneza asidi, na asidi ikizidi huwazuia wao wenyewe na wengine wabaya kuliko wao. Ndiyo siri ya maziwa kwenye kibuyu: yanachacha haraka, yanajilinda. Magadi huimeza asidi. Mimi niliweka vijiko vinne vya chakula. Niliwaandalia wageni makao, nikawaondolea na askari.

Hapo bado hatujafika kwenye blanketi.

Yalipoiva, saa mbili usiku, nilikuwa nimechoka. Nikakumbuka akina mama wanaoweka sufuria ndani ya kikapu chenye matambara ili chakula kiendelee kuiva bila mkaa. Ni ujuzi wa kweli, unafanya kazi. Nikachukua blanketi zito lililokuwa kabatini, nikalifunga sufuria mpaka shingoni, nikaenda kulala nikijisifu. Hebu fikiria: Julai, Tengeru, mlima umevaa wingu, sakafu ya jikoni unaikanyaga kwa kuruka. Meru imenipa friji bure, kubwa kama nyumba, na mimi nikalivalisha sufuria blanketi.

Kuchemsha huua bakteria, ila baadhi yao huacha mbegu zenye ganda gumu ambazo hata kuchemka haziogopi. Mbegu hizo hulala zikingoja joto lishuke. Likifika vuguvugu, la kifua cha kuku anayeatamia, zinaamka, na palipo na chakula bakteria mmoja anaweza kugawanyika kila dakika 20. Baada ya saa 6 huyo mmoja ameshapita 260,000. Hakuna hisa ya kikoba inayozaa hivyo. Na sufuria kubwa lina hila yake: pembeni linapoa, katikati linabaki na moto, na kati ya hapo pana mkanda mpana wa vuguvugu unaokaa usiku kucha. Nilikuwa nimetengeneza mashine ya kutotolea vifaranga, kasoro vifaranga.

Jumatatu nikayagawa makande kwenye ndoo mbili za lita 10, nikazisukuma kwenye friji mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Tulikula usiku ule, yalikuwa matamu, naapa. Saa tatu umeme ukakatika. Ukarudi Jumanne mchana. Jumatano tukala tena na parachichi, mtoto mkubwa akasema yana ladha ya ndimu, nikamwambia ashukuru. Alhamisi nikataka kuyachemsha vizuri kabla ya kikoba, gesi ikaisha yakiwa ndiyo kwanza yanatoa moshi. Mkakati wa taifa unasema mpaka mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mimi tayari nimo kwenye hiyo asilimia, isipokuwa siku mtungi unapokata. Nikayamimina vuguvugu kwenye hotipoti, nikakaza mfuniko, nikayaacha saa tano. Yaliyotokea baadaye yako daftarini.

Nimejaribu mengine pia. Machalari ya ndizi ya wiki mbili zilizopita yalilala meupe yakaamka meusi. Ugali wa kiporo nilioukaanga vipande, mbwa wa jirani aliunusa akarudi kwao. Wali sitaki hata kuuzungumzia, kwa kuwa nimejua juzi tu kwamba sumu ya bakteria wake haitoki hata uuchemshe mpaka ulie.

Na kiporo chenyewe hakina kosa. Pwani wanakiita mwiku, kila nyumba ina heshima yake kwa wali wa jana na chai ya asubuhi. Hata ligi yetu ina viporo vya Simba na Yanga, vinakaa miezi, na sijasikia mtu akiuliza kama vimechacha.

Kinachoniuma ni kingine. Jana, vicheko vilipotulia, mama mmoja alisema, "Lakini jamani, mwanamume kupika! Apigiwe makofi." Nikapigiwa. Nimeharibu sado mbili za chakula, karibu niwalaze watu kumi na tisa hospitali, na nikapigiwa makofi. Mke wangu amepika makande katika nyumba ile miaka kumi na moja. Hapiki ya wiki. Anapika ya siku mbili, anaacha wazi yapoe, anayachemsha asubuhi na jioni, na ukitia kijiko ulichokilamba anakipiga kile kijiko na mkono wako. Anayafanya haya akitoka zamu, mara nyingine na tochi ya simu mdomoni. Makande yake hayajawahi kuvuta hata uzi mmoja. Sikumbuki siku aliyopigiwa makofi. Nakumbuka siku nilizouliza chumvi iko wapi. Na wale wanaotuambia tupike Jumapili tule mpaka Ijumaa, wana majokofu yasiyozimika na mitungi ya akiba, halafu wanatuhesabia sisi uvivu.

Leo asubuhi mke wangu alirudi, akalisoma daftari akiwa bado na koti. Hakusema neno. Akatoa sh 2,000, akaniwekea mezani nipeleke, akaenda kulala.

Faini nitaipeleka. Ndoo moja nimeisugua kwa majivu mara tatu na bado inanuka, hivyo wananiambia. Ila blanketi lina doa la mchuzi ukubwa wa sinia, halitoki kwa sabuni yoyote, na nimelianika nyuma ya banda la kuku mke wangu asije akaliona. Ni lile la wageni. Mama mkwe anafika Jumapili, na ndiye aliyelileta.