Jinsi ya Kulidanganya Jicho Bila Kujidanganya Mwenyewe

Mwongozo huu ni wa kijana wa Unguja mwenye laptopu ya mtumba. Laptopu yenyewe unaijua: ilianza kazi katika ofisi ya Ulaya, ikapitia Dubai, ikaishia dukani Darajani au Mlandege na stika ya namba ya ofisi ikiwa bado imeganda mgongoni. Ilitengenezwa iandike barua na kupiga hesabu. Wewe umeitia gemu ya magari, na sasa kila ukikata kona gari linakwenda kwa kurukaruka. Wadogo zako wamekaa nyuma yako kwenye mkeka wanacheka. Heshima ya kaka mkubwa iko hatarini, na hela ya kompyuta mpya haipo.

Dawa ipo, na bei yake si kubwa, ila ina masharti. Ukiyafuata, gemu yako itateleza kama inavyotakiwa. Ukiyapuuza, utafungwa mabao kwenye gemu ya mpira na mtoto wa darasa la nne, na mtaa mzima utajua kabla ya Isha.

Kwanza: jua unachonunua

Gemu ni picha zinazofuatana, na kila picha huitwa fremu. Laptopu ikitoa fremu 30 kwa sekunde, kila moja hukaa machoni kiasi cha milisekunde 33, na jicho huona mkatiko. Programu ya kuongeza fremu huchukua picha mbili zilizofuatana, hupima kila kitu kimesogea kutoka wapi hadi wapi, kisha huchora picha ya katikati na kuipachika baina yao. Thelathini zinakuwa 60.

Kaa Forodhani jioni, jahazi likirudi. Lipige picha sasa, ulipige tena baada ya muda. Mchoraji yeyote mzuri atakuchorea lilipokuwa katikati, na atapatia. Lakini nahodha akibisha baina ya picha hizo mbili, mchoraji atakosea, kwa sababu hakuona. Na programu ni hivyo hivyo: mwendo ulionyooka inaupatia, mwendo wa ghafla inaubahatisha. Ndiyo maana utaona ukungu pembeni mwa mchezaji anayegeuka kwa kasi, au namba za mabao zinatetemeka kwenye kona ya skrini.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ili ichore picha ya katikati, lazima programu iwe na picha inayofuata mkononi. Kwa hiyo huizuia kidogo ile mpya, ikuoneshe kwanza ile ya kubuni. Unachokiona kimeshachelewa. Macho yamepata raha, mkono umekuwa mzito. Shika neno hili mpaka mwisho: programu inaongeza picha, haiongezi kasi ya laptopu yako.

Nvidia, watengenezaji wa kadi za grafiki, walileta teknolojia ya DLSS 3 mwaka 2022, na uwezo wake wa kuongeza fremu ukafungiwa kwenye kadi zao za RTX 40, mpya wakati huo. Washindani wao AMD wakafuata na FSR 3 mwaka 2023, inayokubali kadi nyingi zaidi, lakini gemu yenyewe lazima iwe imetengenezwa kuipokea. Mnyonge akapata mtetezi kwenye duka la Steam: Lossless Scaling, ya karibu dola 7, unayoilipia mara moja tu. Hii haiulizi kadi yako ni ya kampuni gani, na karibu kila gemu inaikubali.

Pili: tengeneza msingi

Fremu za kubuni huzaliwa na fremu za kweli. Msingi ukiwa fremu 12, utapata takataka nyingi zilizopangwa vizuri. Hakikisha laptopu inafika 30 kwa nguvu zake yenyewe. Ikifika 60, na skrini ikiwa na uwezo wa kuonesha zaidi, bora sana.

Anza kwa kuipindua. Fungua skrubu za kifuniko cha chini, au mpe fundi akufungulie mbele ya macho yako. Katika laptopu nyingi za ofisi utakuta nafasi mbili za RAM, moja ina kipande, nyingine tupu. Grafiki za Intel zilizomo ndani ya prosesa hazina RAM yao, zinaazima hii hii ya laptopu. Kipande kimoja ni njia moja. Ukiongeza cha pili kinacholingana nacho, njia zinakuwa mbili na grafiki zinapumua. Hapo umepata fremu za kweli kabla hujanunua hata moja ya kubuni.

Mwambie fundi apulize na vumbi la feni. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na joto la Unguja mwezi wa pili halihitaji msaada wa vumbi.

Kisha shusha ukubwa wa picha hadi 720, zima vivuli, na cheza chaja ikiwa imechomekwa, maana laptopu ikiwa kwenye betri hujibana nguvu. Kwetu hili la umeme lina historia. Umeme wa Unguja huvuka bahari kwa waya kutoka bara hadi Fumba tangu mwaka 1980, na waya huo ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa pili, wa megawati 100, ukazinduliwa mwaka 2013. Umeme ukiwepo, shukuru, chomeka, cheza.

Tatu: panga mipangilio

Iweke gemu katika dirisha lisilo na mpaka, kwa sababu programu hukamata picha ya dirisha. Halafu ifunge gemu kwenye nusu ya uwezo wa skrini: skrini ya hezi 60, gemu 30. Wengi huiacha hatua hii, kisha wanailaani programu bure. Programu inakula kutoka kwenye grafiki zile zile zinazoilisha gemu. Ukiiacha gemu imalize sahani yote, programu itainyang'anya, na msingi wako utaporomoka.

Ndani ya Lossless Scaling, chagua LSFG, yaani kiongeza fremu chake, weka mara mbili, na upunguze kiwango cha uchunguzi wa mwendo ili grafiki zisielemewe. Rudi kwenye gemu, bonyeza Ctrl, Alt na S kwa pamoja, kisha subiri kidogo.

Mara nne pia ipo. Usiiguse. Kwenye skrini ya hezi 60, mara nne maana yake ni fremu 15 za kweli na 45 za kubuni katika kila sekunde. Huo si mchezo tena, ni uvumi.

Nne: jua pa kuizima

Iwashe kwenye gemu za kuendesha malori, kujenga miji, kuzunguka nchi za ajabu, na zile kongwe zilizofungiwa fremu 30 tangu kuzaliwa. Humo jicho ndilo linalofanya kazi, na utaufurahia kila mti unaopita.

Izime kwenye mpira wa mashindano na gemu za kupigana risasi mtandaoni. Humo kila milisekunde ina mwenyewe. Kipa wako atadaka vizuri sana mpira ulioshaingia.

Izime pia kwenye filamu. Tangu sauti ilipoingia sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zimezoeleka kwa fremu 24, na ndivyo mtengenezaji alivyoipima kazi yake. Televisheni nyingi mpya huongeza fremu bila kukuuliza. Disemba 2018 Tom Cruise mwenyewe alitoa video akiwaomba watazamaji wauzime mpangilio huo. Ukitoka Ngome Kongwe kwenye tamasha la filamu la ZIFF, usiende kuiharibu filamu ile ile nyumbani.

Tano: lipa

Nakala za wizi zinazotembea kwenye flashi hubeba virusi, na laptopu hiyo ndiyo yenye kazi zako za chuo. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 kabla hujaitumia saa mbili. Jaribu, ikikushinda, idai hela yako.

Basi fuata mpangilio huu: RAM kwanza, vumbi pili, mipangilio tatu, programu mwisho. Na ukikaa kucheza mpira na mdogo wako, izime kabla ya filimbi ya kwanza. Ukishinda, umeshinda kweli. Ukifungwa, umefungwa kihalali, na laptopu haina kosa.