Uchaguzi wa Makazi Mjini Runzewe na Saa Zisizoulizwa

Mtu anayehamia Runzewe, awe mwalimu aliyepangiwa kituo kipya, muuguzi, karani wa halmashauri au mfanyabiashara wa mchele aliyechoshwa na ushindani wa Kahama, hutafuta chumba mchana, wakati jua limewaka, njia zimekauka na majirani wote wametoka kwenda kuhangaika. Kwa kuwa hutafuta mchana, hupata chumba cha mchana, yaani chumba ambacho sifa zake zote ni za kweli kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, na ambacho baada ya hapo hugeuka makazi mengine kabisa, ambayo hakuyaona wala hakuyaulizia, lakini ameshayalipia kodi ya miezi sita. Misukosuko mingi ya mpangaji mgeni, ile inayowachekesha wenyeji na kumnyima yeye usingizi, chimbuko lake ni hilo: alichunguza ukuta, bati na bei, akasahau kuchunguza saa na msimu.

Runzewe ni mji mdogo wa biashara katika Wilaya ya Bukombe, wilaya iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga mpaka ulipoanzishwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Mji umekaa juu ya barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama, ikapita Ushirombo yalipo makao makuu ya wilaya, kisha ikaendelea Lusahunga kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi. Na hapo hapo mjini huchepuka barabara nyingine inayokwenda Bwanga na Biharamulo. Watu wa ukanda huu wamezoea kuchaguliwa mahali pa kuishi na nguvu kubwa kuliko wao. Katika enzi ya Waingereza, hofu ya malale iliwafanya watawala wawakusanye watu wengi wa Tanganyika Magharibi katika makazi ya pamoja, kiasi kwamba mtu anaweza kusema bila kukosea sana kwamba dalali wa kwanza wa sehemu hizi alikuwa mbung'o, naye hakudai malipo ya mwezi mmoja. Baadaye, katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwahamishia mamilioni ya Watanzania katika vijiji vya pamoja, vingi vikiwa vimepangwa kando ya barabara, na tangu hapo kuishi barabarani kumebaki kuwa sifa ambayo kila mwenye nyumba huitaja kwanza, hata kama nyumba yake iko mbali nayo kiasi cha kuhitaji bodaboda.

Dalali wa leo, yaani mtu anayemkutanisha mpangaji na mwenye nyumba kwa malipo yanayolingana na kodi ya mwezi mmoja, pamoja na hela kidogo ya kumtembeza mteja hata pale chumba kisipopatikana, ana msamiati mfupi unaohitaji ufafanuzi. Anaposema "ni hapo tu", umbali haujulikani. Anaposema "patulivu", maana yake ni kwamba wakati huo hakuna anayepiga kelele. "Maji yapo" ni kauli ya kijiografia, kwa sababu ni kweli kwamba maji yapo, ila hakusema yapo kwa nani. "Chumba masta" ni chumba chenye choo na bafu ndani, na mgeni aliyefurahia kukipata hugundua baadaye kwamba bomba la bafu hilo lilifungwa kwa matumaini, likisubiri maji yatakayofika siku moja, na kwamba kwa sasa kinachoogesha ni ndoo.

Kuulizia njia nako kuna mashaka yake. Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa, eneo lililo chini ya halmashauri ya wilaya hugawanywa katika vijiji na vitongoji, na neno "mtaa", kama ngazi ya utawala, ni la miji na manispaa; lakini wakazi husema mtaa bila kujali sheria, na mwenyekiti wa kitongoji huitika kwa jina lolote mradi mgeni amekuja na barua ya utambulisho. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, nchi nzima ilifanyiwa zoezi la anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na njia zikapewa majina. Kazi ilikuwa nzuri, ila dereva wa bodaboda hakuhudhuria. Mgeni anayemtajia jina la njia na namba ya nyumba hutazamwa kwa huruma, kisha huulizwa kama ni karibu na mnara, karibu na mashine ya kukoboa au nyuma ya gesti.

Nyuma ya gesti, kwa bahati, ndipo wageni wengi huangukia. Barabara kuu ni njia ya malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda nchi jirani, na madereva wake wanahitaji kula, kulala na kuamka alfajiri kabla ya wengine. Mchana nyuma ya gesti kuna kamba za kuanikia mashuka na ukimya wa kusomea Biblia au Kurani. Usiku huanza kwa redio, hufuatia pumzi ndefu ya breki za upepo, kisha mazungumzo ya utingo wawili kuhusu tairi, na ifikapo saa kumi alfajiri injini huwashwa na kuachwa iungurume mpaka ipate joto. Mpangaji aliyejifunza kulala katikati ya hayo yote huamka kwa hofu siku ambayo hakuna lori lililopita, akidhani kuna maafa.

Anayekimbia barabara hushuka bondeni, na huko ndiko msimu unakomngoja. Mabonde ya ukanda huu yana udongo mweusi wa mbuga, ambao hufura unapolowa na kupasuka unapokauka, na wakulima huutumia kwa majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo za udongo ili vishike maji ya mpunga. Mwezi Agosti jaruba halionekani. Linaloonekana ni uwanja mpana, mkavu, wenye upepo mzuri na ng'ombe wachache wanaotafuna mabua, na mpangaji husimama dirishani akasema kwamba watoto watapata pa kuchezea. Kodi pia ni nafuu, na unafuu huo humpa furaha ilhali ungepaswa kumpa maswali. Mvua zikianza, kwa kawaida Oktoba au Novemba, uwanja huanza kung'aa. Ikifika Januari mpangaji anaishi ufukweni, vyura wanafanya kikao kisicho na mwenyekiti, mbu wamehamia na familia zao bila kulipa kodi, na njia ya kwenda kazini inataka suruali ikunjwe mpaka magotini, viatu vikiwa mkononi kwa heshima ya ofisi. Nyumba yenyewe hushiriki: udongo unapofura mlango hugoma kufungwa, na unapokauka mlango hufungika vizuri ila ukuta hupata ufa. Mwenye nyumba akiitwa kuuona ufa huo huueleza kuwa ni wa lipu tu, na huendelea kuueleza hivyo hata siku mpangaji anapomsalimia jirani kupitia humo.

Upande wa tatu wa mji, au tuseme upande wowote ambao mawe ya dhahabu yamefika, una karasha. Karasha ni mtambo wa kusaga mawe yaliyotolewa katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ili unga wake uoshwe na dhahabu itenganishwe, mara nyingi kwa zebaki. Hapa utani upungue kidogo: zebaki ni sumu, na mtu mwenye watoto asikubali chumba kilicho jirani na mahali inapochomwa, hata akipunguziwa kodi nusu. Kelele za karasha ni jambo la pili. Wakati wa kuoneshwa chumba mtambo huwa umezimwa kwa sababu mawe hayajaletwa, na dalali huuita "banda la mtu fulani". Mawe yanapofika, banda husaga usiku na mchana, vikombe hutembea vyenyewe juu ya meza, na wanandoa hujifunza kuzungumza kwa ishara, jambo ambalo katika baadhi ya nyumba limeleta amani.

Dhahabu huathiri hata chumba kisicho karibu nayo. Habari za mfumuko, yaani watu kukimbilia kwa wingi mahali ambapo dhahabu imeonekana, zikisikika upande wowote wa mkoa, kodi hupanda kabla hata wachimbaji hawajafunga mizigo. Mwaka 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu katika soko la dunia ilipita dola 3,000, na mwalimu ambaye mshahara wake haujawahi kupimwa kwa wakia alijikuta akifuatilia habari za masoko ya London, kwa kuwa mwenye nyumba wake alikuwa akizifuatilia pia.

Ndani ya geti kuna uwanja mwingine wa masomo, nao ni LUKU. Mfumo huu wa kulipia umeme kabla ya kuutumia ulibuniwa ili kila mtu alipe kadiri anavyotumia, lakini nyumba ya uani yenye wapangaji sita na mita moja huugeuza uwe mfumo wa kulipa kadiri mwingine anavyotumia. Mpangaji mwenye balbu moja na chaji ya simu huchanga sawa na jirani mwenye pasi, hita ya maji na friji, na friji hiyo, kama utafiti mdogo wa uani ungefanyika, ingeonekana kuwa kiwanda cha barafu za kuuza shuleni. Kulalamika ni vigumu, kwa sababu mwenye friji humpa kila mtoto wa uani barafu moja Jumamosi, na hakuna mzazi aliye tayari kuwa adui wa barafu. Juu ya hayo, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, awali ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na humwangukia aliyenunua umeme siku inapokatwa. Hivyo mpangaji hulipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba na kodi ya jengo kwa niaba ya mwenye nyumba, na anapoomba arudishiwe huambiwa kwamba mambo ya serikali ayamalize na serikali.

Tukirudi nje ya geti, uwanja wa mnada unatosha kutajwa tu: ni malisho matulivu mpaka siku ya mnada.

Uamuzi unaoweza kutolewa kwa haki ni kwamba makazi bora ya mgeni mjini Runzewe ni chumba cha kawaida, kisicho masta, katika nyumba ambayo bibi mwenye nyumba anaishi humo humo, anafunga geti saa mbili, analala saa nne na anajulikana kwa ukali mpaka kwa wenye baa. Chumba hicho hakitangazwi na dalali, kwani hakikai wazi. Hupatikana kwa kumwamkia bibi huyo shikamoo kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo anayepokea barua ya uhamisho wakati wa kiangazi afikie gesti kwa siku chache, aende kutazama chumba chochote saa tano usiku, amuulize muuza maandazi wa jirani maji ya mvua hupita wapi, na mwenye nyumba akidai kodi ya mwaka mzima, ampe ya miezi mitatu na tabasamu.