Kamati ya Kwenda Kula Dijon

Kwetu hakuna shughuli isiyo na kamati. Mtu akioa, kamati. Akifiwa, kamati. Mtoto akipata kipaimara, kamati, tena yenye mweka hazina na kadi za michango. Kwa hiyo Pasaka ile mke wangu, Mama Neema, aliposema mezani kwamba jubilei ya fedha ya ndoa yetu angependa tuifanyie Ufaransa, sisi wawili tu, mahali pa kula vizuri na kunywa mvinyo bila haraka, sahani hazijaondolewa kaka yangu mkubwa alikuwa ameshafungua kundi la WhatsApp, amejiteua mwenyekiti na kuandika ajenda ya kwanza: uchaguzi wa mji. Yale maneno "sisi wawili tu" hayakuingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Miji ilikuwa mitatu. Bordeaux iliangushwa na binamu mmoja aliyesoma kwamba mashamba yake ya mizabibu yalipangwa kwa madaraja mwaka 1855, na kwamba tangu hapo ni moja tu, Mouton Rothschild, lililopandishwa hadi daraja la kwanza, nalo lilingoja mpaka 1973. Binamu akauliza walimu kama sisi tutatoa mfano gani kwa kutembelea shule ambayo kwa zaidi ya karne mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyepanda darasa. Reims ikaanguka kwa sababu shampeni ni ya harusini, na jubilei, alisema mweka hazina, ni harusi ambayo tayari ililipiwa.

Ikabaki Dijon, mji wa watawala wa zamani wa Bourgogne, unaokaa mwanzoni mwa ukanda wa mizabibu unaoteremka kusini hadi Beaune na kuendelea. Ukanda huo uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015. Na tangu Mei 2022 Dijon ina kituo kikubwa cha mapishi na mvinyo, kilichojengwa kwenye eneo la hospitali ya zamani. Mama mkwe alifurahi kusikia hospitali, hadi alipoelezwa kwamba wagonjwa hawapo tena.

Hapo ndipo mjomba wangu wa Hombolo alipoingia kwenye kundi. Mjomba analima zabibu. Wasiojua na wajue: Dodoma ni nchi ya mizabibu tangu wamisionari wa Kikatoliki walipoipanda Bihawana, na mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Swali lake la kwanza likawa hilo hilo: hao Wafaransa wanavuna mara ngapi? Shemeji yangu anayeishi Brussels, ambaye kamati ilikuwa imemteua katibu wa mambo ya nje, akajibu kwamba ni mara moja, kwenye Septemba hivi.

"Mara moja? Na miezi mingine wanafanya nini?"

"Baridi ikija mizabibu inalala, Mjomba. Wanaipogolea, wanangoja."

"Basi hao wana pesa."

Pesa wanazo. Shemeji, kwa nia njema kabisa, akamwelezea habari za La Romanée-Conti, shamba lililoko kijiji cha Vosne-Romanée, kati ya Dijon na Beaune. Ukubwa wake ni hekta 1.8, yaani kama ekari nne na nusu. Mwaka 2018 chupa moja ya mavuno yake ya 1945 iliuzwa mnadani New York kwa dola 558,000. Mjomba alinyamaza mpaka tukaanza kuwa na wasiwasi. Hatimaye ikaja sauti yake, imerekodiwa shambani, upepo unavuma nyuma: "Mimi nina ekari tano. Waulizeni kama wanabadilishana. Nitawaachia na pampu."

Tangu siku ile kila habari ya Bourgogne aliisikiliza kama mdau. Alipoelezwa kwamba mwaka 1395 Mtawala Philippe aliamuru mizabibu ya aina ya gamay ing'olewe, kwa kuwa ilizaa sana lakini mvinyo wake aliuona hafifu, Mjomba alisikitika kwa niaba ya wakulima waliokwisha kufa zaidi ya miaka mia sita. "Kumbe hata huko mabwana shamba walikuwepo," akasema. Na alipoambiwa kwamba wataalamu wakionja mvinyo huusukutua mdomoni kisha huutema kwenye ndoo, alitoka kwenye kundi. Mwenyekiti ilibidi ampigie simu kumrudisha. Alirudi kwa sharti moja, nalo limeandikwa kwenye kumbukumbu: wajumbe wa familia hii hawatatema.

Mimi niko upande wa Mjomba, ingawa najua sababu ya ndoo ile. Anayeonja mvinyo wa aina nyingi asubuhi moja bila kutema, wa mwisho atausifu hata kama ni siki.

Bundi ndiye aliyekaribia kuivunja safari. Kwenye ukuta wa kanisa la Notre-Dame pale Dijon kuna bundi mdogo wa kuchongwa, amelika kwa kushikwashikwa mpaka sura haionekani vizuri. Wenyeji na wageni humgusa kwa mkono wa kushoto, ule wa upande wa moyo, huku wakiomba jambo. Mji umemfanya nembo, na wageni wanaozunguka kuangalia majengo hufuata vibati vya shaba vyenye picha yake vilivyopigiliwa njiani. Shemeji aliyaandika haya yote akiamini anapamba safari. Mama mkwe ni mwanamke wa Tanga. Bundi akilia juu ya paa lake halali mtu. Sasa anaambiwa binti yake analipa nauli ya ndege kwenda kumshika bundi, kanisani, kwa mkono wa kushoto.

Alinipigia mimi. "Baba Neema, mkwe wangu, nimekukosea nini?"

Nikajaribu kumtuliza kwa historia. Nikamwambia kwamba Januari 2001 mtu mmoja alimvamia bundi yule kwa nyundo akamharibu, ikabidi mafundi wamtengeneze upya. Akauliza huyo mwenye nyundo yuko wapi, maana ndiye mtu pekee wa kule angependa kumsalimia.

Suluhu ilipatikana kwa paroko wetu, ambaye naye alikuwa ameshachukua msimamo wake kuhusu Dijon. Yeye alichokisikia ni habari za Félix Kir, padri aliyekuwa meya wa mji huo tangu 1945 hadi alipofariki mwaka 1968. Kwenye hafla zake alikuwa akiwapa wageni mvinyo mweupe wa aligoté uliochanganywa na kileo kitamu cha matunda meusi ya cassis, mpaka kinywaji chenyewe kikaitwa kwa jina lake. Paroko alisema mji uliowahi kuongozwa na padri wa namna hiyo hauwezi kudhuriwa na bundi mmoja. Akaomba chupa moja ya cassis, kwa ajili ya kumkumbuka marehemu.

Viza nayo ina kisa chake. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, na taarifa ya benki ionyeshe kwamba hutakwama huko. Kamati ikachangisha. Michango ikatumwa kwa simu ikaingia benki wiki moja, majina ya ukoo mzima, na kila muamala una maelezo mafupi. Tatizo ni kwamba mweka hazina hakutunga ujumbe mpya wa kuwaelekeza wachangiaji. Alichukua ule wa mwaka jana tulipofiwa na babu, akabadilisha namba ya akaunti, basi. Tukafika dirishani na karatasi ambazo kila mstari umeandikwa "rambirambi".

Kijana aliyepokea makaratasi aliyasoma kwa utaratibu, akainua uso, akasema kwa upole: "Poleni sana na msiba."

"Hatujafiwa," Mama Neema akamjibu. "Tunakwenda kula."

Kijana akaitazama barua ya mwajiri ili apate mwanga. Mkuu wetu wa shule, ambaye haamini kwamba mwalimu anaweza kwenda Ulaya bila warsha, alikuwa ameandika kwamba tunakwenda "kuimarisha uelewa wa zao la zabibu". Mimi nafundisha Hisabati. Tulieleza mambo yote upya, kwa mdomo na kwa maandishi, na viza zikatoka.

Lakini mambo haya yote, bundi, ndoo na rambirambi, hayakunisumbua kama ratiba. Kamati ilikuwa imejadili sare kwa vikao viwili (kitenge cha watu wawili, cherehani moja, mabishano ya watu kumi), imejadili rangi ya mabegi, imejadili nani atapokea picha kwanza. Mweka hazina alitaka tikiti ya treni irudishwe kwa sababu imeandikwa Gare de Lyon nasi hatuendi Lyon, mpaka akaonyeshwa kwamba hicho ni kituo cha Paris ambako treni za Dijon huanzia, na safari yake ni kama saa moja na nusu. Chakula, ambacho ndicho tunachokwenda kukifuata, kilikuwa na mstari mmoja: "Kula, kila siku."

Nikaichukua ile ratiba nikaikalia usiku. Tunafika Dijon Jumapili jioni. Jumatatu ni "siku kuu ya chakula". Jumanne asubuhi ni mapumziko. Sasa, Ufaransa migahawa mingi hufungwa Jumapili usiku na Jumatatu, na katika mji wa kiasi cha Dijon jambo hilo si la kubahatisha. Soko kuu la Les Halles, jengo zuri la chuma lililojaa jibini, kuku wa Bresse na wauza mvinyo, hufunguliwa asubuhi za Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kwa maneno mengine, kamati ilikuwa imetupangia kula siku ambazo milango imefungwa na kulala asubuhi ambayo mji mzima unakula.

Na hata milango ikiwa wazi, si saa zote. Jiko la mchana huanza saa sita, na ukifika saa nane na nusu utakuta mpishi ameshavua aproni. La usiku huanza saa moja au moja na nusu. Nilimwambia Shemeji atuwekee meza saa moja na nusu usiku. Miaka ya Brussels imemharibia saa zetu. Akaandika 1:30, mtambo ukasoma mchana, na mgahawa ukathibitisha meza ya wawili kwa muda ambao sisi tutakuwa bado njiani tukila ndizi za kukaanga za Mama mkwe.

Ndizi zinaruhusiwa, kwa taarifa yenu. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri atokaye kwetu kuingia na nyama wala maziwa, lakini ndizi hazina neno, na samaki waliokaushwa wanapita mpaka kilo 20. Mama mkwe aliposikia kilo 20 akaanza kuulizia bei ya dagaa.

Ndipo nikapindua meza ya kamati. Safari ya kula hupangwa kwa kuanzia mlangoni pa jiko: kwanza siku na saa za wanaokulisha, kisha kitanda, kisha treni, mwisho ndege. Wafaransa hawa mlo wao wenyewe, ule wa hatua kwa hatua na jibini kabla ya kitindamlo, uliingizwa UNESCO mwaka 2010. Watu waliofika huko hawatakuwekea sahani saa kumi jioni kwa sababu ndege yako ilichelewa. Mwenyekiti alipinga. Mama Neema akapiga kura peke yake, na kura yake ikatosha. Sasa tunafika Jumatano.

Siku ya Beaune imebaki kama ilivyokuwa, dakika ishirini na kitu kwa treni, kwa ajili ya ile hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin na mkewe Guigone. Ilitibu wagonjwa hadi miaka ya 1970, na mpaka leo taasisi yake ina mizabibu yake na mnada wa mvinyo ulioanza 1859, ambao siku hizi hufanyika Jumapili ya tatu ya Novemba. Mjomba ameomba picha za kina za mnada, si za hospitali. Tumemwambia tunakwenda Septemba, akasema tutazame tu wanavyovuna hiyo mara moja yao.

Kuhusu konokono sina mengi. Huletwa kwenye sahani yenye vishimo, wakiwa ndani ya maganda yao, wameogelea siagi, kitunguu saumu na majani ya parsley. Mama Neema amesema atakula siagi.

Imebaki haradali, maana kila aliyechangia ameagiza kopo. Ndugu zangu, sikilizeni. Haradali ya Dijon ni jina la mapishi, si la shamba. Inaweza kutengenezwa popote, na sehemu kubwa ya mbegu zake Wafaransa huzitoa Kanada. Ukame wa Kanada mwaka 2021 ulifanya rafu za haradali ziwe tupu Ufaransa kwenyewe mwaka uliofuata. Anayetaka iliyosindikwa huko kwa mbegu za huko aagize iliyoandikwa Moutarde de Bourgogne, na ajue bei yake iko juu. Uwanja wa ndege huihesabu kama kimiminika, kwa hiyo makopo yote yatapanda kwenye begi kubwa, na begi lina kilo zake. Orodha inafungwa Ijumaa. Pesa zitumwe kwa mweka hazina kabla hatujaondoka, na tafadhali, kwenye maelezo msiandike rambirambi.