Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: kuhusu viti vya bure

Mheshimiwa Mbunge, mtetezi wa wanyonge, mgeni rasmi wa kila harambee yetu, mzazi wa eneo zima: shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya wenzangu ishirini na wanne wa chama chetu cha akina mama, ndio walionituma. Tunajua una shughuli nyingi na huenda barua hii ikaishia mezani kwa msaidizi wako. Naye pia tunampa shikamoo yake.

Kwanza shukrani. Ulipotuheshimu kwa kuja kwenye mkutano wa hadhara pale chini ya mwembe, ulikuta viti vya plastiki vya buluu vimepangwa safu kwa safu. Viti vile ni vyetu, Mheshimiwa. Tulivinunua kwa michango ya kila Ijumaa, huwa tunavikodisha harusini na matangani, na siku ile tulivitoa bila kudai hata shilingi. Wanaume wakavikalia, sisi tukatandika mikeka. Ukasimama, ukashika kipaza sauti, ukasema kwamba wanawake wa Kenya wamezoea kutaka viti vya bure, na kwamba anayetaka uongozi aje debeni apambane. Watu walicheka sana. Hata mimi nilicheka, nikiwa nimekaa mkekani mbele ya kiti changu mwenyewe, na kicheko hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

Kwa nini nilicheka? Nimelitafakari swali hilo nikipanga nyanya zangu sokoni Kongowea kabla ya jua kuchomoza. Tangu utotoni mwangu kila aliyesimama na kipaza sauti alikuwa mwanamume, na jicho huona sawa kile lililokizoea. Mwanamke akisimama, tunamtazama kilemba, tunauliza mumewe ni nani, kisha tunasema hana uwezo. Mwanamume akisimama, tunangoja aseme.

Wenzetu wa India wamelipima jambo hili. Tangu 1993 katiba yao inatenga theluthi moja ya nafasi katika mabaraza ya vijiji kwa wanawake, na nafasi hizo huzungushwa kutoka kijiji hadi kijiji. Huko West Bengal watafiti waliwasikilizisha wanavijiji hotuba moja ya kiongozi, ile ile neno kwa neno, wengine wakiisikia kwa sauti ya kiume na wengine kwa sauti ya kike. Katika vijiji ambavyo havijawahi kuongozwa na mwanamke, wanaume waliipa sauti ya kike alama za chini. Katika vijiji vilivyokwisha kuongozwa na mwanamke, dharau hiyo haikuonekana tena. Mioyo haikugeuka, kwani bado wengi walisema wanapenda kiongozi mwanamume, lakini katika kupima uwezo masikio yalikuwa yamejifunza. Na baada ya vipindi viwili, wanawake wengi zaidi waligombea na kushinda hata nafasi ambazo hawakutengewa. Hicho ndicho kiti unachokiita cha bure, Mheshimiwa. Kilimfundisha aliyekuwa akikitazama.

Tunakushukuru pia kwa somo la subira. Katiba yetu ya 2010 inasema chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikasema kanuni hiyo kwa Bunge itekelezwe hatua kwa hatua, mwisho tarehe 27 Agosti 2015. Mkajiongezea mwaka. Februari 2019 muswada wa kuitekeleza kanuni hiyo ulihitaji kura 233, na wabunge wa idadi hiyo hawakupatikana ukumbini. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo hiyo, nanyi mkaendelea na kazi. Mwaka 2022 katika maeneo bunge 290, wanawake walioshinda ni 29. Sisi tuliozoea kungoja maji ya mfereji tunajua kungoja, lakini mfereji hatujaapa kuulinda. Katiba uliapa.

Sasa ombi letu, tunaloliwasilisha kwa unyenyekevu wote na tumepiga kura kulipitisha bila pingamizi. Kwa kuwa Mheshimiwa unaamini haki hulipwa hatua kwa hatua, tunakuomba upokee mshahara wako kwa utaratibu huo huo. Upokee theluthi mbili kila mwezi, na theluthi iliyobaki ikae hazina hadi siku Bunge litakapotimiza kanuni. Marupurupu ya gari yafuate mkondo huo: matairi matatu sasa, la nne muswada ukipita. Na ukija tena kututembelea, ukae nasi mkekani, nasi kwa siku hiyo moja tukae kwenye viti vyetu tukusikilize kutoka kimo hicho. Hatukuombi kwa mzaha. Mtu hujua uzito wa kungoja akiubeba.

Majibu yakipatikana, kibanda changu ni cha tatu kutoka kwenye lango la wauza vitunguu, nipo tangu saa kumi na moja alfajiri. Yasipopatikana, sote ishirini na watano tumo kwenye daftari la wapiga kura, na uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027.

Wako mtiifu,
Katibu wa chama, muuza nyanya, Kongowea, Mombasa